Kurudi Nyumbani kwa Gari la Marehemu

Mmeniuliza mmoja mmoja, kwa simu, mlangoni pa msikiti, na jirani mmoja ambaye kawaida hata salamu haitikii aliniuliza juu ya ua: kulikoni, Abdalla, mbona umetoka kwenye klabu ya magari ya zamani? Klabu umekaa nayo tangu nywele zako zikiwa nyeusi, umeihama wiki ile ile uliyotoka hospitali? Nimechoka kulisimulia jambo hili huku presha ikinipanda kila nikifika katikati. Nimeliandika. Atakayeuliza tena nitampa asome, na chai nitamtilia, lakini mdomo wangu sifungui.

Mambo ya kulazwa na kuruhusiwa nayaruka. Karatasi za hospitali hazina utamu hata kwa aliyepona. Jueni tu kwamba nimonia ilinishika mapafu yote mawili, nikalazwa Upper Hill katika chumba cha wagonjwa mahututi, nikawa napumuliwa na mashine. Siku hizo sizikumbuki. Baadaye niliamka, nikakaa wodini hadi miguu ikakubali kunibeba, daktari akasema nenda nyumbani ukapumzike. Nyumbani kwangu ni Mountain View, ng'ambo ya Kangemi. Mtu mwenye afya na barabara iliyo wazi hufika kabla taarifa ya habari haijaisha redioni. Sisi tulitoka asubuhi, tukafika adhana ya magharibi ikilia.

Na kwa wasiolijua gari langu: ni Pijo 404, lile la kina baba zetu, la kubadilishia gia kwenye usukani. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na injini ya kabureta, ikafa kabla sijalinunua. Injini niliyoiweka mimi ni ya sindano, ile inayopigiwa petroli na pampu yake yenyewe, na siku hizi ukiitafuta Nairobi nzima utarudi na vumbi viatuni. Niliiunda kipande kwa kipande, Jumapili baada ya Jumapili. Bloku niliikuta Limuru, imefungiwa ng'ombe. Pampu niliipata kwa mjane mmoja wa Nakuru aliyekuwa akiitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Gari lenyewe nililipaka buluu kwa mkono wangu, na wenzangu klabuni wakaniita Mzee Mchanganyiko, kwa sababu klabuni neno kubwa ni moja tu: original. Gari liwe kama lilivyotoka kiwandani, mpaka nati. Langu halikuwa hivyo, na sikuwahi kujali.

Upper Hill hadi mjini

Mke wangu Zuhura ndiye aliyekuja kunichukua. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya hospitali, mfuko wa dawa mapajani, natazama kila gari linaloingia nikitafuta buluu. Likasimama mbele yangu 404 ya rangi ya krimu, linang'aa kama sahani za wageni. Nikavuta miguu lipite.

"Baba Swaleh, ingia," sauti ya Zuhura ikatoka ndani.

"Gari la nani hili?"

"Lako. Klabu wamekutengenezea. Ni zawadi." Alisema hayo akiutazama usukani.

Nilipaswa kufurahi, na nilijaribu. Alinifungulia nyuma nipate kujinyoosha. Mlango ukafunguka kwa kidole kimoja, wakati mlango wangu miaka yote ulitaka bega. Viti vilikuwa vipya, vigumu, vinanuka gundi. Redio niliyoifunga mwenyewe haikuwepo, pamewekwa kifuniko cha kiwandani. Juu ya bampa ya mbele palikuwa na vishikio viwili vya chuma kinachong'aa ambavyo sikuwahi kuviona kwenye 404 yoyote, na kila kioo cha pembeni kimefungwa utepe mweupe.

"Hivyo vishikio ni vya nini?"

"Sijui. Vya bendera, labda."

"Bendera ya nani?"

"Ewe Baba Swaleh, umetoka mdomoni mwa kaburi, cha kuuliza ni bendera?"

Nikauliza Kariuki yuko wapi. Kariuki ndiye mwenyekiti wa klabu na rafiki yangu wa miaka mingi. Yeye ni Mkristo wa Kiambu mwenye nyumba Muthangari; mimi ni Mswahili wa Mombasa niliyefanya ukarani mjini hadi nikastaafu; kilichotukutanisha ni magari haya. Naye ana 404, ya sindano tangu kiwandani, original mpaka kwenye vibanio vya mazulia, ila bloku yake ilipasuka zamani na gari likabaki juu ya mawe gerejini kwake. Nilitarajia yeye ndiye atakuwa wa kwanza kunishika mkono siku hiyo. Zuhura akasema ana mkutano wa kanisa. Ilikuwa Jumatano asubuhi.

Alipowasha gari, nikashtuka. Injini yangu ina sauti yake. Huanza kwa kukohoa, ikishapata joto utasikia pampu ikigonga taratibu chini ya mngurumo. Hii haikuwa na pampu ndani yake. Ilivuta pumzi kwa shida, kama mimi.

"Zuhura, hii si injini yangu."

"Umelala muda mrefu. Masikio yako bado hayajaamka."

"Simama nifungue boneti."

"Daktari amesema usiiname." Akaingiza gia.

Kwenye mzunguko wa kuingilia mjini foleni ilikuwa imekaza. Polisi wa trafiki akalitazama gari, akautazama utepe, akasimamisha upande mwingine wote na kutupungia tupite sisi. Nilidhani anaheshimu uzee wa gari. Tulipomfikia akainama dirishani kwa Zuhura.

"Mama, ni harusi ama ni matanga?"

"Tunatoka hospitali," Zuhura akajibu.

"Aki pole sana." Akavua kofia. "Na mwili ndio uko hapo nyuma?"

Mimi ndiye niliyekuwa hapo nyuma. Nikamwambia ahsante afande, naye akaruka hatua nzima, karibu akanyagwe na pikipiki.

Mjini

Wodini nilikuwa nimeweka nadhiri kwamba nikitoka salama nitaswali rakaa mbili za shukrani katika msikiti wa mjini, ule niliokuwa nikiswali adhuhuri miaka yote ya ukarani. Zuhura hakutaka tusimame. Mara nitachoka, mara hakuna pa kuegesha, mara jua. Kwa kuegesha alikuwa na haki. Askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, alituzungusha mtaa ule ule mpaka nikaanza kuwajua wauza miwani kwa sura, na tulipopata nafasi watu wakatuzunguka kupiga picha na gari. Mmoja alimwambia mwenzake asiguse utepe, ni mkosi. Nilisikia, lakini sikutia maanani.

Baada ya kuswali tukaingia kwa Bi Khadija, mwenye hoteli ya uchochoroni nyuma ya msikiti. Ni mtu wa kwetu, na tangu nilipokuwa karani mwembamba mbaazi zake za nazi ndizo zilizonifanya nivumilie Nairobi. Aliponiona alishika kifua.

"Abdalla! Alhamdulillahi! Wallahi sisi twakungoja kwa upande mwengine!"

"Upande upi, Bi Khadija?"

"Si upande, ni maneno tu. Keti. Nikutilie mbaazi, na mahamri yatoka motoni sasa hivi."

"Daktari amesema uji," Zuhura akasema.

"Daktari ni nani mbele ya mbaazi?"

Nilikula. Jamani, chakula cha hospitali kinamfanya mtu asahau kwamba ulimi ni kiungo cha mwili. Nilikuwa kwenye hamri la pili Bi Khadija alipoketi nasi akauliza, "Na yule rafikiyo Kariuki, ashasilimu?"

"Kusilimu? Kariuki?"

"Alikuja hapa ulipokuwa mahututi, akaketi papo ulipoketi wewe. Akaniuliza, Muislamu akifa huzikwa baada ya muda gani. Nikamwambia siku iyo iyo, sisi hatungoji. Akashika kichwa. 'Siku hiyo hiyo? Hata wiki hakuna? Sasa watu watajipanga saa ngapi?' Akauliza kama gari laweza kutangulia mbele ya jeneza au ni haramu. Mimi nikasema, huyu moyo ushamgeuka, ataka kuingia dini. Nikampa kijitabu cha kufundishia swala."

Nilicheka mpaka mapafu yakaniuma. Kariuki na kijitabu cha swala! Zuhura hakucheka. Aliinuka kabla sijamaliza mbaazi, akasema tutakuta foleni.

Waiyaki Way hadi Kangemi

Foleni tuliikuta kweli. Tulitambaa hadi Westlands, na kuanzia pale barabara inapoanza kupanda, mshale wa joto nao ukapanda. Nilimwambia Zuhura azime. Akasema tukizima hapa tutatukanwa. Injini yangu imepanda mlima huo miaka yote bila kulalamika, na nilimwambia hivyo. Tulifika Kangemi moshi mweupe ukitoka chini ya boneti na watu wakituelekeza kwa mikono, kila mmoja upande wake. Tukaingia kando, karibu na soko, kwenye vibanda vya mafundi.

Akatoka mwanamke mmoja na mtungi wa maji, tepe ya kupimia shingoni. Baadaye nilijua anaitwa Mama Brian na kazi yake ni kushona viti vya magari. Hakuutazama sana ule moshi. Alitazama ndani, kwenye viti.

"Hii si ni ile gari ya marehemu?" akasema.

"Marehemu gani?" nikauliza.

"Yule mzee Muislamu wa 404. Hizi viti ni mimi nilishona. Cheki hiyo stitch, hiyo ni mkono yangu." Akapapasa mshono kwa fahari. "Walikuja na haraka, wakasema hao watu huzika same day, so mzee akienda tu, hakutakuwa na time. Lazima gari ikuwe ready akiwa bado anapumua."

"Na hivi vishikio vya mbele?"

"Hapo ni pa picha yake. Ile portrait kubwa, na maua huku chini. Alafu convoy yote ya klabu inafuata nyuma. Ilikuwa itoke poa sana." Akanitazama vizuri, kwa huruma. "Na wewe ni nani wake?"

"Mimi ndiye marehemu."

"Shindwe!" Akauachia mtungi, maji yakamwagika miguuni pake.

Kwa wasio wanachama, lazima nieleze desturi yetu. Mwanachama akifariki, gari lake husafishwa, likarudishwa liwe original, picha yake ikafungwa mbele, nalo likaongoza msafara hadi makaburini, sisi wengine nyuma tukipiga honi pole pole. Nimefuata misafara mingi ya namna hiyo, na niliona ni heshima. Lakini wenzangu wengi ni watu wa Mkoa wa Kati, na kwao kuna wiki nzima, pengine zaidi, ya kamati na maandalizi kabla ya kuzika. Kwangu walipiga hesabu wakaona nikikata roho alfajiri, nitakuwa udongoni kabla rangi haijakauka. Kwa hivyo wakaanza mapema. Hawakuona ubaya wowote. Kuchelewa ndiko kungekuwa aibu.

Nilifungua boneti mwenyewe, na safari hii Zuhura hakunizuia. Niliona kabureta. Ilikuwa injini nzuri, safi, sahihi kwa mwaka wa gari, na sikuijua.

"Iliyokuwa humu iko wapi?"

Mama Brian alikuwa amesimama mbali kidogo sasa, kama ambaye bado hajaamua kama nina kivuli. "Ile engine ya zamani? Ilitolewa hapo kwa yard ya jirani, ikabebwa na pickup ya chairman. Watu waliuliza inaenda wapi, akasema yeye ndiye next of kin ya hiyo engine, ati mrithi."

Kufa kufaana, walisema wahenga, lakini wao walikuwa wanamzungumzia aliyekufa. Nikatafuta pa kukaa. Palikuwa na kiti mbele ya kibanda, mteja mmoja amekikalia anatafuna muhogo wa kuchoma, na nilipokitazama nikakitambua: ni kiti changu cha dereva, kile cha zamani. Mteja akaniachia kwa adabu. Nilikaa juu yake mpaka lile gari likapoa. Mama Brian akaniletea kipande cha muhogo kwenye gazeti, pilipili na limau, akaniambia pole, hakujua. Nilimwamini, na muhogo niliula.

"Geuza gari," nikamwambia Zuhura. "Tunakwenda Muthangari."

"Baba Swaleh, twende nyumbani. Umechoka. Kesho."

"Kesho ndiyo mliyokuwa mkiingoja nyote. Geuza."

Kurudi nyuma hadi Muthangari

Njiani nilisema maneno ambayo sitayaandika, kwa kuwa wajukuu wangu wanajua kusoma. Niliwataja wanachama mmoja mmoja, nikakumbuka nani nilimkopesha jeki na nani nilimsukumia gari kwenye mvua. Zuhura alikazia macho barabara. Nilidhani ameudhika kwa niaba yangu.

Bawabu wa Kariuki alifungua geti kabla hatujapiga honi, gari alilijua. Kariuki mwenyewe akatoka upande wa gereji akijifuta mikono kwa kitambaa, akaniona, akaja mbio na umri wake ule, akanikumbatia mpaka mfuko wa dawa ukaanguka.

"Mzee Abdalla! Mungu ni mwaminifu! Tumeomba, tumeomba! Mama, karibu. Ingieni, chai iko tayari."

"Chai baadaye. Fungua gereji."

"Abdalla, hata hujakaa."

"Nimelala vya kutosha. Fungua."

Akafungua. Ile 404 yake niliyoizoea juu ya mawe ilikuwa chini, imesimama kwenye magurudumu yake. Hakungoja nimwambie la pili, aliinua boneti mwenyewe, na pale ndani ilikuwa injini yangu. Niliijua kama mtu anavyomjua mwanawe katika sare ya shule isiyo yake. Walikuwa wameipaka rangi. Bolti niliyoichonga kwa mkono, ambayo kichwa chake kimepinda kidogo kushoto, ilikuwa pale pale.

"Umeniua," nikasema.

"Usiseme hivyo, bwana."

"Umeniua, ukanirithi, halafu ukanishonea viti."

"Sikiza kwanza. Kwa logbook gari yako ni ya kabureta. Tulirudisha original. Hii haikuwa ya hiyo gari. Nikaona badala iende kwa scrap…"

"Ilikuwa inaenda scrap lini? Aliyekuwa amelala ni mimi, si injini."

"Na wewe mwenyewe umeniambia mara ngapi? Kila nikikuuliza bei. 'Kariuki, hii utaipata nikifa.' Si ni maneno yako?"

Ni maneno yangu. Niliyasema kwa utani, tukiwa tumekaa kwenye makreti na chupa za soda, na alikuwa akicheka.

"Nikifa, Kariuki. Nikifa."

"Najua." Akakunja kile kitambaa, akakikunjua. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na sitasema alikuwa anaigiza. "Nilitaka kitu yako ibaki barabarani. Kila nikiendesha, nikusikie."

"Na nilipoamka?"

Alifikiri kwa dhati, kama anatafuta jibu ambalo haliniumizi. "Hiyo ya kuamka," akasema, "hatukuwa tumeplan."

Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mwizi ningemwelewa. Mwizi anajua kwamba mwenye mali yupo.

"Nani alikwambia nakufa?"

"Daktari alisema watu wajiandae."

"Daktari alikwambia wewe? Wewe ni ndugu yangu? Na ufunguo wa gari uko kabatini kwangu chumbani. Ulipitia dirishani?"

Kariuki akatazama nyuma yangu. "Mzee, hiyo muulize mama."

Zuhura alikuwa amesimama mlangoni pa gereji, mkoba umebanwa kwapani. Hakurudi nyuma wala kuinamisha kichwa.

"Ni mimi," akasema. "Daktari aliniita ofisini akanifungia mlango, akaniambia nijiandae. Nduguzo walipiga simu kutoka Mombasa, kila mmoja akauliza utazikwa huko ama huku, basi. Hawa walikuja nyumbani na viti vyao, wakakaa. Wakaniuliza, mama, ungetaka gari lake liwe vipi siku hiyo. Hakuna mtu mwingine aliyeniuliza nataka nini. Nikawapa ufunguo."

"Na injini?"

"Aliomba. Nikamwambia chukua. Mimi ningeifanyia nini?"

"Hukungoja, Zuhura."

"Wewe ulikuwa umelala, Abdalla." Hakuwa ameniita jina langu tangu Swaleh azaliwe. "Mimi ndiye niliyekuwa macho."

Ni kweli, na mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Mke wa Kariuki akaja na sinia ya chai na mandazi, akaona nyuso zetu, akaiweka juu ya boneti ya gari langu jipya akaondoka. Hakuna aliyekunywa.

Kariuki akakohoa. Akasema injini nitarudishiwa, haina shida, sisi ni ndugu, ila nimvumilie ipite Jumapili kwa sababu kuna drive.

"Drive gani?"

"Ilikuwa yako, ya kukukumbuka. Watu walikuwa wameshaalikwa, wengine wanatoka mbali. Tumeibadilisha tu jina. Sasa ni thanksgiving."

Nikamwambia injini itolewe kabla ya Jumapili hiyo, na ikishafika kwangu mimi si mwanachama tena. Akaniomba nisiamue kwa hasira. Nikamwambia wao waliamua kwa utulivu, na matokeo yake tumeyaona.

Muthangari hadi nyumbani

Foleni ya jioni ilikuwa imeanza. Gari lilichemka tena karibu na Kangemi, tukasimama tena, na nikamtazama mke wangu akishuka na chupa ya maji, akifungua kifuniko cha rejeta kwa pindo la leso kama nilivyomfundisha tulipokuwa vijana. Nilitaka kushuka nimsaidie. Nilitaka pia kukaa nyuma pale pale nisimsaidie, ajue. Nilikaa.

Nyumbani alinitandikia, akanipikia uji. Adhana ilikuwa inalia. Nikamwita, nikamuuliza, je, kuna jingine nisilolijua, aliseme leo, kwa sababu moyo wangu hautafunguliwa mara mbili.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema lipo. Siku daktari aliyomwambia ajiandae, alitoka Upper Hill akapita mjini peke yake, akanunua sanda. Hakumtuma mtu wala hakuwaambia watu wa klabu. Alirudi akatoa kanzu yangu ya Idi, akapimia, akakata. Akanunua na karafuu maiti na udi. Vyote viko kabatini, chini ya mashuka ya wageni.

"Nilikuwa nakata huku machozi yanadondokea kitambaa," akasema. "Nikaanika kipande kimoja mara mbili, kikauke kisiwe na doa."

Injini imerudi, nami naifunga pole pole, nguvu zikiruhusu. Kariuki hupiga simu, sipokei. Gari nitalipaka buluu. Zuhura aliniuliza ile sanda aitoe sadaka, nikamwambia aiache pale ilipo. Ni pamba safi, ni kipimo changu, na katika yote niliyoandaliwa nikiwa hai, ni hilo tu ambalo mtu alilifanya huku akilia.